Mikono Kichwani

Kitabu ni cha historia ya nchi hii, kipya, bado kinanuka wino. Nilikinunua Musoma mjini, nikawa nakisoma taratibu hapa kwangu Bunda. Leo asubuhi nimefunua ukurasa, nikamkuta bibi yangu.

Ni yeye kabisa! Kanga imefungwa kifuani, mdomo wazi, mikono yote miwili kichwani. Chini ya picha wameandika kwamba mwanamke huyu anashangilia kuhamia kijiji kipya.

Anashangilia?

Bibi huyuhuyu alikuwa akinichapa viganja kila nikijisahau nikaweka mikono kichwani. "Toa! Hiyo inaitaga msiba. Unamlilia nani?" Kwetu hata mtoto mdogo alijua kwamba mikono hupanda kichwani mtu akifa.

Siku ile ya kuhamishwa, kijijini karibu na Butiama, mgambo waliezua nyumba yetu ili tusirudi. Nyasi za paa zikachomwa, zikatoa harufu ya samaki wote, wale furu wadogo wa ziwani, tuliowahi kuwabanika chini yake. Lori lilikuwa linatungoja, na kaburi la babu tulikuwa tunaliacha pale pembeni ya zizi. Mwenye kamera akatuambia tusimame vizuri. Ndipo bibi akapandisha mikono. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kanga yake. Kwenye picha vidole vyangu vinaonekana.

"Bibi!"

Mjukuu wangu amesimama mlangoni, ameshika kikombe cha uji, macho yamemtoka.

"Bibi, toa mikono kichwani. Nani amekufa?"