Meza Mate

Mama yangu ni fundi cherehani, na kila akimaliza kukunja nguo ya mteja huipiga kwa kiganja mara mbili: pa, pa. Sauti hiyo hupenya ukuta na kunifikia chumbani, nilikojifungia na shahada yangu, nikitunga barua za kuomba kazi. Barua moja hunichukua siku tatu. Nawaza kama niandike "ninatumaini" au "ningetumaini", na wakifikiri nina kiburi je, na wasipofikiri lolote je. Lakini nikisikia ile pa-pa, vidole huganda. Narudi kwenye ukumbi wa kanisa hapa hapa mtaani kwetu La Rochelle. Nina miaka kumi, mgongo wangu uko chini, na siwezi kupumua.

Mama na mimi tulihamia huku kutoka Jeppestown, mtaa mwingine wa jiji hili hili la kusini mwa Afrika, mwaka 2008, baada ya zile siku ambazo watu walipita mlango kwa mlango wakiwatafuta wageni wa nchi nyingine kama sisi. Sitawachosha na habari hizo. Mimi mwenyewe nilichokiona ni uvungu wa kitanda tu. Ilikuwa mchana. Kulikuwa na vumbi, na harufu ya sabuni kwenye kiganja cha mama kilichoziba mdomo wangu. Kiganja cha pili kilikuwa mgongoni mwangu. Nilikuwa na kikohozi, na kila kilipopanda mama alininong'oneza, "Meza mate, Furaha. Meza mate." Nilimeza. Waliokuwa wakigonga walichoka, wakaenda zao.

Miaka miwili baadaye akanipeleka kwenye judo, kwa kuwa ilikuwa bure na kwa kuwa mwalimu alikuwa mtu wa kwetu Kongo. Mwalimu Kasongo wa Lubumbashi alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi kule Sandton. Jumamosi asubuhi alivua sare ya ulinzi, akavaa koti zito jeupe, na hata mwendo wake ukabadilika. Mikeka yetu pale kwenye ukumbi wa kanisa ilikuwa vipande vya mpira vilivyonuka miguu na dawa ya sakafu. Kabla ya kuikanyaga uliinama. Kabla ya kumshika mwenzako uliinama, na baada ya hapo uliinama tena, hata kama alikuwa amekubwaga kama gunia la mahindi.

"Mwenzako anakukopesha mwili yake," aliniambia. "Umurudishie muzima." Kisha akawaambia wengine hayo hayo kwa Kiingereza.

Amri zilikuwa za Kijapani, na hakuna mtoto aliyekijua. Ya kusimamisha pambano ilikuwa moja: "Mate!" Kati ya watoto wote wa pale, mimi peke yangu nilitoka nyumba ya Kiswahili, na neno hilo nililifahamu vizuri mno. Mwalimu akilipigia kelele, nilimeza. Wengine wakiachiana, nami niliachia, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Nilikuwa nimeshalitafutia hata maana yake: kwamba anayemeza mate hawezi kujisifu. Hata wakati ule nilikuwa mtu wa kutafutia mambo maana.

Ikafika Jumamosi ya kujaribiwa kwa mkanda wa njano. Tulipigana wawili wawili, wengine wakikaa pembeni, na mimi nikapangwa na Lerato, rafiki yangu wa mtaa wa pili. Alinizidi uzito. Alinibwaga, akanilalia kifuani, koti lake likanifunika pua na mdomo. Sheria tuliijua wote: ukishindwa, unapiga mkeka mara mbili, na mwenzako anakuachia papo hapo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru. Nawaapia, ulikuwa huru, umelala karibu na sikio langu, na sikuweza kuunyanyua. Mdomo umezibwa, giza, uzito juu yangu: mwili wangu ulijua kazi yake. Kutulia. Kutotoa sauti.

Kwa mbali nikasikia, "Mate!" Nikameza. Uzito ukaondoka. Nikabaki nimelala vile vile, nikameza tena.

Aliyekuwa analia ni Lerato. "Eish, wena, si upige! Usipopiga mimi nitajuaje? Nitajuaje?"

Mwalimu alipiga magoti kando yangu. "Furaha, juu ya nini hukupiga?"

"Nilimeza, mwalimu."

"Ulimeza nini?"

"Mate. Si umesema mate?"

Alianza kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Ile ni Kijapani, mama. Ni kusema ngoja. Basi. Achia. Nikisema mate, imeisha." Akanitazama. "Nani alikuambia umeze?"

Alimvuta Lerato akae nasi. "Mwenye iko chini ana kazi ya kusema," alisema, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. "Mwenye iko juu ana kazi ya kusikia. Moja ikikosa, hii haiko judo tena. Ni kuumizana tu."

Kisha akanipigisha mkeka mara ishirini. Pa, pa. Kila nilipopiga, Lerato aliinua mikono na kusema "Sharp," yaani sawa, safi, huku akijifuta kamasi. Mkanda sikupata.

Nyumbani nilimsimulia mama kama kichekesho. Alicheka mpaka akaegemea cherehani. Nilipofika pale pa kumeza, alirudi kwenye mshono wake.

Kwa miaka mingi niliamini somo lile lilikuwa langu peke yangu, na kwamba bado nalifeli, maana hata sasa mtu akiniuliza hali, mkono ukiwa huru kabisa, nasema "sharp". Lakini siku hizi, nikiisikia ile pa-pa ukutani, nakumbuka kile kiganja cha pili, cha mgongoni. Hakikuwa kimetulia. Kilikuwa kinapiga, mara mbili, mara mbili. Nilidhani ananibembeleza. Huenda ndivyo, nimeligeuza jambo hili mara nyingi kuliko inavyofaa. Ila naamini mama alikuwa anapiga mkeka, akiomba kuachiwa. Mkeka pekee aliokuwa nao ulikuwa mgongo wangu, na mule uvunguni hapakuwa na mwingine wa kusikia ila mimi.

Nami nilimeza mate.