Maji ya Bi Sikuzani

Habari za choo watu huzicheka. Haya, chekeni, lakini Bi Sikuzani hakucheka. Alikuwa akiingia chooni na mkongojo wake, anakaa huko hadi magoti yanakufa ganzi, kisha anatoka vilevile alivyoingia. Miezi nenda, miezi rudi. Akiulizwa kinachomsumbua, anasema mgongo.

Bintiye Shamsia, muuza mboga wa sokoni Masasi, alijua ukweli siku alipopanda Newala kumwona akamwogesha. Mkono uligusa tumbo, tumbo gumu, na bibi wa watu akafumba macho kwa maumivu. Roho ilimwuma Shamsia. Mama mzazi ateseke hivyo, na wao wanamsugua mgongo kwa mafuta ya nazi!

Kaka yake Nurdini, anayeishi nyumba ya pili, alikuwa ameshatoa hukumu: mama amefungwa tumbo na mtu. Mtu gani? Ah, mtu tu. Alishamletea mizizi ya kuchemsha, mama akaharisha kutwa nzima, halafu tumbo likafunga kuliko mwanzo. Shamsia akamsema kaka yake kwa adabu yote anayostahili mkubwa, lakini alimsema, kisha akaenda zahanati.

Muuguzi wa pale, Julia, alimsikiliza bila kukunja uso. Akamweleza kwamba mzee meno yamekwisha, anakula ugali wa muhogo mkavu mchana na usiku, anakaa mkekani kutwa, na akibanwa anajizuia kwa kuwa choo kiko mbali na magoti yanauma. Apewe papai, mlenda, mboga za majani zilizopikwa zikalainika. Atembeetembee uani, asijizuie. Na anywe maji ya kutosha.

"Maji usiyasahau," alisema Julia. "Mboga bila maji zitamzidishia. Na akianza kutapika au tumbo likivimba, usingoje, mpeleke hospitali."

Shamsia alirudi moyo mweupe. Kumbe dawa yenyewe ni maji na papai! Ila huku juu Newala bomba hutoka leo likanyamaza hata wiki. Akatafuta kijana wa bodaboda awe anamletea mama madumu ya maji, akayapanga mwenyewe chumbani. Akamwambia haya si ya kupikia wala ya wageni, ni ya kunywa yeye peke yake. Mama akaitikia amesikia.

Amesikia wapi! Bi Sikuzani alikua enzi za kushuka bondeni gizani na kupanda na ndoo kichwani. Kwao mtoto akiomba maji mara ya pili aliitwa mlafi. Funda moja baada ya chakula lilimtosha, na viganja viwili vilimtosha kunawa uso. Hayo Shamsia aliyajua, maana naye alilelewa hivyohivyo. Aliyajua, asiyafikirie.

Basi kila alipopanda kutoka Masasi alikuja na mapapai. Mama anakula. Mlenda anakula. Anatembea hadi kwenye mkorosho na kurudi, ameshika mkono wa Nurdini. Akiulizwa maji, anasema amekunywa, na kikombe kweli kimelowa. Lakini tumbo lilizidi kufunga. Shamsia aliishiwa nguvu. Sokoni akawajibu wateja ovyo, na akaanza kuona kwamba pengine Nurdini alisema kweli.

Asubuhi moja alikuwa anafagia chumba cha mama, ufagio ukagonga kitu uvunguni. Akainama, akavuta. Dumu, limejaa pomoni. Akavuta la pili, la tatu, yote yamejaa, vifuniko vimefungwa kwa nailoni, na juu yake kanga kuukuu.

"Mama, haya maji mbona hukunywa?"

"Hayo ya kuniosha," Bi Sikuzani alisema kwa upole kabisa. "Baba yenu alipokufa alilala ndani hadi alasiri, watu wanahangaika na maji bondeni. Niliwasikia wakinung'unika. Mimi sitaki mtu anisubirie maji."

"Haya ndiyo yangekuponya, Mama."

"Na nikipona leo, sitakufa kesho?"

Shamsia alikaa chini sakafuni akalia, maana mapapai yote yale na mlenda wote ule amemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Akamimina kikombe, akamsihi. Mama akanywa kumridhisha mwanawe, akayatapika yote. Tumbo lilikuwa limevimba.

Walimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari alisema choo kimekauka kikaziba utumbo, na wamechelewa. Hakurudi akitembea.

Msiba ule hakuna aliyenung'unika. Bomba lilikuwa kavu mji mzima, lakini Bi Sikuzani alioshwa mapema, kwa maji mengi, na adhuhuri haijafika ameshazikwa. Watu walisema mama yule alijaliwa.

Watu waliporudi kutoka makaburini, mwoshaji akamuuliza Shamsia dumu lililobaki aliweke wapi. Shamsia akaomba kikombe. Akamimina, akanywa. Akamimina tena, akanywa huku machozi yanamtoka, na wanawake mkekani wakamtazama bila kuelewa kiu ile imetoka wapi.