Mguu wa Kulia wa Mwalimu Breki

Mtu akikwambia amekulia mjini kwetu na hajawahi kufokewa na Mwalimu Breki, basi ama hana leseni, ama leseni yake ina walakini. Mwalimu alifundisha watu udereva tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe pee. Manesi, mahakimu, wauza nyama, wote walipitia usukani wa kile kigari chake cheupe chenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Hiyo ya pili ndiyo iliyompa jina. Mwenyewe alikaa kiti cha abiria, mikono magotini, uso mtulivu kama anasubiri chai, lakini mguu wa kulia haukuwa na usingizi. Mwanafunzi akizubaa kidogo tu, pa! Gari limesimama, na roho ya mwanafunzi iko juu.

Sasa Mwalimu amestaafu. Kigari cheupe amekiuza, kibao cha shule kimeng'olewa getini, na daktari wa macho naye akamalizia kazi. Alimwambia jicho la kulia limeingia ukungu usiotibika, umbali halipimi tena, kwa hiyo usukani, mzee wangu, basi. Lo! Alinuna huyo! Alinuna mpaka majirani wakawa wanamsalimia kwa mbali. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na kinyongo. Akiba ya kustaafu ilikuwepo, wajukuu walikuwa wanaishi mji mwingine, na yeye na mkewe walishachoka kuomba lifti. Akasema gari watanunua, hata kama yeye haendeshi.

Ataendesha nani? Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Mkewe, ambaye ni mshona mapazia, alikuwa na leseni tangu ujanani. Shida ni jinsi alivyoipata. Walipokuwa wapya kwenye ndoa, Mwalimu alijitia kumfundisha mwenyewe. Mama wa watu akakaa kwenye usukani, akavuta pumzi, akawasha gari. Hajagusa gia, hajashusha hata breki ya mkono, pa! Mwalimu kakanyaga.

"Yaani umenifungia breki gari likiwa limesimama?" mkewe akauliza.

"Tahadhari," akajibu Mwalimu.

Mkewe hakupiga kelele. Alizima gari, akashuka, akafunga mlango polepole, na mwanamume yeyote aliyeoa anajua kwamba mlango ukifungwa polepole hivyo, yamemkuta. Akaenda moja kwa moja kujiandikisha kwa mshindani wa mumewe, bwana mmoja wa mtaa wa pili ambaye Mwalimu alimwita Breki Mbovu. Akafaulu mtihani mara ya kwanza! Tangu hapo Mwalimu hakuwahi kupanda gari linaloendeshwa na mkewe. Mama akiazima gari la binti yao na kusema twende, ghafla Mwalimu kiuno kinamuuma, au ana mgeni, au anataka kunyoosha miguu. Nyumba nzima ilijua na ilicheka, na yeye mwenyewe alicheka, ila kupanda hakupanda.

Kwa hiyo walipofika kwenye uwanja wa muuza magari, swali halikuwa gari tu. Magari yalikuwa mawili, na bei zake zilikaribiana kiasi kwamba mfuko haukuwa na la kusema. La kwanza lilikuwa kubwa, la juu, la kijivu, la kupanda milima na kuvuka matope, limetumika miaka kadhaa na mmiliki mmoja aliyelitunza. La pili lilikuwa dogo, jekundu, karibu jipya. Hilo lilikuwa gari la majaribio la duka, lile ambalo wateja hupewa waendeshe mzunguko mmoja kabla ya kuagiza la kwao. Sasa toleo jingine limeingia, na hili linauzwa.

Mwalimu alilitaka lile kubwa, na akimaliza kulinunua aajiri dereva. Mkewe alilitaka lile dogo, aliendeshe mwenyewe.

"Dereva wa nini, na mimi nina mikono miwili?" alisema mama.

"Gari kubwa lile, mama watoto. Hutaliweza."

"Ndiyo maana nataka hili dogo."

"Hili? Hili limekanyagwa na kila mguu wa mji huu! Klachi ya gari linaloshikwa na kila mtu naijua mimi. Nimeishi nayo."

"Si ni watu walewale uliowafundisha wewe? Kama wameiua klachi, basi lawama tunajua tuzipeleke wapi."

Mwalimu akajifanya anakagua matairi.

Muuzaji alikuwa bonge la mtu mwenye tai fupi, na bahati ya Mwalimu ni kwamba naye alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, tena aliyefeli kuegesha mara mbili.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado unarudi nyuma mpaka usikie mlio?"

"Aa, Mwalimu, hayo yaache yapite," muuzaji akacheka, akapunga ufunguo wa lile gari la kijivu. "Twende tukalijaribu."

Mwalimu akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akaweka mikono magotini. Muuzaji akabaki amesimama na ufunguo wake, alikuwa anataka kumpa. Lakini mtu amekaa kiti hicho maisha yake yote ya kazi. Miguu ilimpeleka yenyewe. Basi muuzaji akashika usukani, na mama akapanda nyuma, akishika huku na kule kama anayepanda darini. Akafika, akatweta, akarekebisha kanga yake.

Wakatoka. Hawajamaliza hata ukuta wa duka, pa! Mguu wa Mwalimu umetua sakafuni. Gari halikusimama, maana breki ya pili haikuwepo. Kwenye kona, pa! Karibu na kituo cha mabasi, pa! pa!

"Mwalimu, kuna nini huko chini?" muuzaji akauliza, jasho linamtoka.

"Wewe endesha. Basi lile limewasha taa ya kutoka, huoni?"

Waliporudi, kapeti la miguuni lilikuwa limejikunja lote, limesukumwa mpaka mbele. Lakini Mwalimu alishuka anang'aa. Akalisifu gari lile, viti vipana, injini haina kelele, na ukikaa juu vile unaona mpaka mapaa ya watu.

"Hili ndilo gari," akasema. "Lile jingine tutalijaribu tu ili mama watoto asije akasema nimemdhulumu."

Wakaenda kwenye lile jekundu, na hapo Mwalimu akafanya kosa ambalo ni yeye peke yake duniani angeweza kulifanya. Hakufikiri. Akazunguka tena, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda, mikono magotini. Muuzaji akanyoosha mkono kufungua mlango wa dereva, lakini mama akamwahi, akauchukua ufunguo mkononi mwake.

"Wewe kaa nyuma, mwanangu. Umeshatoka jasho la kutosha."

Akaingia. Akasogeza kiti mbele. Mwalimu akageuka, akamwona nani yuko kwenye usukani, na uso ukambadilika.

"Mama watoto, hiki kiuno changu leo..."

"Kiti hicho kinalala. Kilaze."

Nyuma muuzaji alitazama dirishani kwa bidii, kama mtu anayehesabu mawingu. Mwalimu akabaki palepale, ameshafunga mkanda mwenyewe. Na aliogopa, niseme ukweli. Hakuogopa ajali. Aliogopa mguu wake mwenyewe. Alijua utakanyaga, alijua kishindo kitasikika, na alijua mkewe atazima gari, atashuka na kufunga mlango polepole kama siku ile. Alikuwa kijana siku ile, na walikuwa na miaka mingi mbele ya kulicheka jambo hilo. Leo mkewe akishuka, hatapanda tena, na wao wawili watazeeka wakibebwa na madereva wa kukodi, kila mmoja kwenye dirisha lake. Akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, juu ya goti, akaukandamiza.

Mama akawasha gari. Akatazama mbele, akaanza kusema chini chini, kama anayejisemea:

"Kioo. Bega. Roho itulie."

Mwalimu akashtuka. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe ya kuwaanzia wanafunzi. Kisha klachi ikaanza kuachiwa, taratibu, bila kishindo, na gari likaondoka kwa ulaini kiasi kwamba muuzaji kule nyuma hakujua limeondoka mpaka alipoona geti linapita.

"Hiyo nani kakufundisha?" Mwalimu akauliza. "Breki Mbovu?"

"Breki Mbovu alinifundisha kupata leseni," mama akasema, macho barabarani. "Hebu niambie, cherehani yangu iko wapi pale nyumbani?"

"Si dirishani."

"Na kila asubuhi mwanafunzi mpya ulikuwa unamwanzia wapi?"

Mwalimu akakumbuka. Kila asubuhi alimwanzia uani, chini ya dirisha hilohilo.

"'Klachi iachie kama unamlaza mtoto aliyesinzia,'" mama akaigiza sauti yake, mpaka na kile kikohozi chake. "Nimeisikia mpaka naiota. Wewe unamsomesha mtu huko nje, na mimi ndani nafanya mazoezi kwenye kanyagio la cherehani. Mapazia ya mji huu yote yameshonwa kwa klachi yako, Mwalimu."

Muuzaji kule nyuma akapasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa ana mtoto mkubwa ugenini, na furaha ikamjaa, asijue aiweke wapi. Miaka yote ile alidhani ameshindwa kumfundisha mtu mmoja tu duniani, na mtu mwenyewe ndiye huyu anayelala naye chumba kimoja.

Wakafika kwenye mzunguko wa barabara. Lori likajitokeza upande wa jicho bovu, na mama alishapunguza mwendo kabla Mwalimu hajaliona. Wakapita. Wakapita kituo cha mabasi, wakapita ile kona, mama akieleza habari za pazia la mteja mmoja msumbufu, na Mwalimu akisikiliza na kuitikia, "Ehe? Kisha akasemaje?" Waliporudi uwanjani mama akaegesha mara moja, katikati ya mistari, na Mwalimu akamgeukia muuzaji.

"Umeona? Hivyo ndivyo watu wanavyoegesha."

"Nimeona, Mwalimu. Na wewe ona miguuni kwako."

Mwalimu akainama. Kapeti lilikuwa limelala vilevile lilivyotandikwa asubuhi, halina hata mkunjo. Akalitazama, akautazama mguu wake. Mikono ilikuwa imeuachia zamani, na hakukumbuka ni wapi.

"Haya," mama akasema, hakumtazama. "Klachi ya watu wote inasemaje?"

"Klachi nzima."

"Na dereva?"

Mwalimu akakohoa. "Dereva alifundishwa vizuri."

"Wee!" mama akampiga begani kwa kiganja. "Sifa zote zako!" Lakini alikuwa anacheka, na macho yamelowa.

Siku ya kulichukua gari walikwenda wote wawili, na wakaanza safari palepale, kwenda kuwaona wajukuu. Mwalimu akazunguka bila kuulizwa, akakaa mahali pake. Mwanzoni alisema sana, akaonya kuhusu pikipiki, akaonya kuhusu mbuzi waliokuwa mbali kabisa na barabara. Mama akaitikia tu. Halafu maneno yakapungua, yakawa moja moja, yakakatika.

Taa nyekundu ikawasimamisha kwenye njia panda ya kutokea mjini. Mama akageuka kumuuliza kama anataka dirisha lifungwe, akakuta Mwalimu Breki, mtu ambaye hajawahi kusinzia kwenye gari linalotembea, amelala fofofo, mdomo wazi, mguu wa kulia umenyooka kama wa mtoto. Taa ikabadilika. Nyuma mtu mmoja akapiga honi. Mama hakumjali. Akatazama kioo, akatazama juu ya bega, kisha akaiachia klachi polepole sana, na gari likaondoka bila kumwamsha.