Kinga ya resori mbili

Kwa muda mrefu, watu wa Bunia hawakununua kinga kabla ya kumwonyesha Scholastique. Kinga ni baiskeli. Huku kwetu ndivyo tunavyoiita. Baba yake alikuwa fundi wa kinga kule Kpandroma, na binti alijua kunyoosha gurudumu kabla hajajua kusoma. Alipofiwa na mume alifungua kibanda karibu na soko, watu wakamwita Mama Skola. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinyanyua kinga kwa kiti, akaiachia ianguke, akasikiliza. "Freni imechoka," alisema. Au, "Hii fremu ilivunjika wakaiunga. Achana nayo." Akiwa ameipa barabara mgongo aliweza kukuambia nani amepita: huyu muuza mikate, huyu katekista.

Mwezi wa sita wa mwaka 2003, wiki tano baada ya mapigano makubwa, alifungua kibanda tena. Nusu ya sauti alizozijua hazikuwepo. Wengine walikuwa kambini karibu na uwanja wa ndege, wengine walishika njia ya Beni, na wengine hakuna aliyejua walipo.

Siku moja mchana alikuja Adolphe, muuguzi ambaye watu walimwita Dokta. Nyuma yake alikuja Assani, mchimba dhahabu aliyeteremka kutoka machimboni, akisukuma kinga ambayo Mama Skola hakuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa na resori, yaani springi, mbele kwenye uma, na resori nyingine nene nyuma, chini ya kiti. Pine zake zilikuwa pana, zenye meno.

"Mama, uniangalilie hii," alisema Adolphe. "Dawa zangu zinapasuka njiani, chupa kwa chupa. Wanasema kinga ya namna hii inameza mashimo. Na bei yake iko chini sana. Ndiyo inaniogopesha."

Mama Skola aliinama. Aliikandamiza resori ya mbele ikazama na kupanda taratibu, bila mafuta kuvuja. Alishika gurudumu la nyuma akalivuta kushoto na kulia; pale fremu inapokunjika palikuwa na ulegevu kidogo, wa kukazwa tu. Rayo zote za magurudumu, spoki, zilikuwepo. Vitese, gia za mnyororo, vilibadilika bila kukwama.

"Si ya bei kubwa hata ikiwa mpya," alisema mwishowe. "Resori ya nyuma ni ngumu, na fremu ni nzito. Lakini iko muzima. Assani, uipande kidogo nione inavyokwenda."

Assani alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, Mama. Upande weye."

"Unauza kitu usichopanda?"

"Goti linaniuma," alisema, akatazama pembeni.

Basi Mama Skola aliipanda mwenyewe. Alitafuta njia mbovu, maana kwenye njia nzuri kila kinga ni nzuri, na njia mbovu kuliko zote ilikuwa ile ya kuteremka kwenye mtaa uliokimbiwa, ng'ambo ya kijito. Jua lilikuwa kali. Alipita kwenye mawe na makorongo, na kinga haikumtikisa. Lakini haikupiga kelele pia, na hilo lilimsumbua. Maisha yake yote kinga zilikuwa zimesema naye. Hii ilikuwa na mlio mmoja tu, mdogo, kutoka pale penye ulegevu: tik, kisha kimya, kisha tik-tik.

Milango ilikuwa wazi pande zote mbili za njia. Kwenye kamba ya uani palikuwa na shati la mtoto lililopauka kwa jua na mvua. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, majani yameota ndani yake. Hakukuwa na kuku wala mbwa.

Alipofika kwenye nyumba yenye mlango wa bluu, mlango pekee uliofungwa, sauti ya mwanamke ilitoka ndani, karibu kabisa na ubao.

"Augustin? Nafungua sasa."

Kitu kikasota sakafuni. Komeo likagusa mti. Mama Skola hakungoja. Aligeuza kinga, akapanda kilima chote amesimama juu ya pedali, na alipofika kibandani midomo yake ilikuwa mikavu.

Assani alimtazama, akajua. "Hata weye wamekuita," alisema.

"Hii kinga ulitoa wapi?"

"Niliikuta imeegemea muti wa mukaratusi, kwenye njia ya kuingia mjini. Siku mbili nilikaa pale, hakuna mutu. Nikaichukua. Nilipita nayo mtaa ule mara mbili, na mara mbili sauti iliniita Augustin. Mama, nyumba zile hazina watu. Ndiyo maana ninaiuza. Sitaki hata makuta mengi."

Adolphe aliuliza, "Mama, mutu mwingine anaweza kujua kinga kwa mulio wake, kama weye?"

Mama Skola aligeuka akatazama upande wa kijito. Aibu ilikuwa imeanza kumpanda: huenda alikuwa amemkimbia mtu hai. Jioni ilikuwa inakaribia na watu hawakuvuka kijito jioni, kwa hiyo alifungia kinga ndani ya nyumba yake kwa mnyororo na kufuli. Mvua kubwa ilinyesha hadi karibu na mapambazuko. Kulipokucha kinga ilikuwa palepale, pine zake kavu. Yeye na Adolphe waliondoka kwa miguu. Assani alikataa kwenda.

Walibisha mlango wa bluu. Kimya.

"Dada," aliita Mama Skola, "ni miye niliyepita jana na kinga. Niko na muganga."

Komeo liliondolewa. Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni, mguu wake umefungwa kitambaa kilichokuwa cheusi. Aliitwa Monique. Siku watu walipokimbia alianguka shimoni akavunjika mguu, na Augustin, mume wake, alichukua kinga aliyoachiwa na mzungu mmoja mpima ardhi, akaenda kutafuta muuguzi. Alimwambia: usifungue kwa sauti yoyote ila mlio wa kinga hii. Wiki tano Monique aliishi kwa viazi alivyovichimba nyuma ya nyumba kwa kutambaa, na maji ya mvua.

"Amepita mara nne," alisema. "Hasimami. Nimemkosea nini?"

"Mara tatu, dada," alisema Mama Skola kwa upole. "Mbili kijana mwingine. Moja miye."

"Nne. Ya nne ni leo asubuhi, mvua ilipokwisha."

Adolphe aliacha kufungua kitambaa. Mama Skola aligeuka akatazama njia. Mvua ilikuwa imeifuta yote, ikailaza kama ubao. Nyayo zao wawili zilionekana wazi zikitoka kijitoni. Kando ya nyayo hizo, mbele kidogo ya mlango, kulikuwa na alama moja ndefu ya pine pana, yenye meno, iliyopita bila kusimama na kuendelea kuelekea kwenye nyumba tupu.

Adolphe alitaka kwenda kuinama aiangalie. Mama Skola alimshika mkono. Mwanamke huyu aliyekuwa amekagua kila gurudumu lililoingia Bunia hakutaka kulikagua hilo.

"Tumubebe, Dokta," alisema. "Twende sasa hivi."

Walimbeba kwa zamu, hawakutazama nyuma. Mguu ulipona, ingawa ulibaki mfupi. Monique alikataa kuchukua kinga. Alimwachia Adolphe, akimwomba tu asipite nayo mtaa ule, na Adolphe aliitumia miaka mitatu kwa dawa zake. Assani alirudi machimboni bila kudai kitu.

Monique alikaa kwa Mama Skola, akajifunza kunyoosha magurudumu. Waliuliza habari za Augustin kambini, wakatuma watu hadi Boga. Hakuonekana, hai wala maiti. Watu waliporudi mtaani, nyumba yenye mlango wa bluu ilikuwa imeng'olewa mabati. Monique alipanda maharagwe mahali pale, na siku za kupalilia Mama Skola alifunga kibanda na kwenda kumsaidia.