Glasi ya Senje Awinja

Ukimwekea Senje Awinja soda kwenye wiski, usishangae akikunyang'anya glasi na kuwamwagia kuku. Amewahi kumfanyia hivyo mwalimu mkuu mzima. Barafu pia hataki. Anasema barafu huifunga wiski mdomo, na yeye hajanunua kinywaji bubu. Anachotaka ni kidogo tu chini ya glasi, kisichozidi upana wa kidole, matone ya maji ya mtungi, na karanga za kukaanga kwenye kisosi. Halafu anainusa kwanza. Anaweza kuinusa hadi ukakasirika wewe unayemtazama.

Huyu ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiyo maana namwita senje. Ni mjane, ni muumini wa kanisa, analima miwa na mahindi hapa Navakholo, na kila jioni hutoa kiti chake mbele ya nyumba, akakielekeza kwenye barabara ya murram, akanywa hiyo glasi moja mbele ya dunia nzima. Boda boda wakipita humpigia honi. Waumini wakipita huikodolea macho miwa ya upande wa pili kana kwamba imeota asubuhi hiyo. Yeye huwasalimu wote kwa majina, tena kwa sauti.

Wiski aliijulia kazini. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni karibu na msitu wa Kakamega, wale wageni wanaokuja kuangalia ndege. Wengine waliacha chupa zenye mabaki, na senje si mtu wa kumwaga kitu bila kukionja. Akaonja zote. Jini, akasema, ni marashi. Brandi ni dawa ya kikohozi. Vodka hakuipa hata jina. Kisha siku moja akakuta wiski yenye moshi, akasimama nayo mdomoni katikati ya jikoni, maana ilinukia jiko la mama yake: mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto na ukuta mweusi wa masizi. "Nilimpata mama," aliniambia. Tangu hapo hataki nyingine. Ikikosekana, anakaa bila.

Sasa, hapa kwetu pombe si ajabu. Ajabu ni mwanamke kuionyesha. Mwanamke anaweza kupika busaa maisha yake yote na asiulizwe na mtu. Wazee watauzunguka mtungi na mirija yao mirefu, na yeye atawaongezea maji moto. Lakini akae, anywe, aonekane? Hapo ndipo kikao cha kanisa huitishwa. Wanaume wa kanisa nao wana dawa yao, turungi. Chai isiyo na maziwa na wiski ni rangi moja, basi wiski huingia kwenye themosi, ikatoka kwenye themosi ikaingia kikombeni, na mzee wa kanisa akakaa sebuleni akipuliza kikombe ambacho hakitoi hata mvuke. Baba yangu, Mzee Shikanga, ni bingwa wa kupuliza. Nyumbani sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Senje ana chuki na vikombe, na ana sababu. Mumewe, Titus, dereva wa trekta la miwa, alikunywa turungi ya aina hiyo kwa miaka mingi. Kikombe cha bati hakionyeshi kimetiwa nini wala kiasi gani. Kila mtu alidhani Titus anakunywa kidogo, Titus mwenyewe akiwa wa kwanza kudhani hivyo, mpaka macho yakawa ya manjano na ini likagoma. Senje alimzika, akanunua glasi inayoonyesha, isiyo na ua wala mstari, akatoa kiti nje. "Nikizidisha, barabara nzima itaniambia," alisema. Hajazidisha.

Mwaka huu Kipngeno alinichumbia, na wazee wake wakasema watakuja kwetu kuzungumza mahari. Kwetu msichana hatoki chumbani peke yake siku hiyo. Hutolewa na senje wake, amefunikwa leso, na mpaka atolewe hakuna wageni wanachoweza kumaliza. Kipngeno ni wa Likuyani, kwa watu wa mahindi na kanisa, waimbaji wa kwaya kuanzia nyanya hadi mjukuu. Baba akaingiwa na hofu. Alikwenda kwa dada yake jioni moja, akamkuta kitini, na mimi nikiwa hapo nachambua karanga.

"Dada, siku ya wageni hiyo glasi uiache nyumbani."

"Kwani nitakunywia nini? Mkono?"

"Sijasema usikunywe. Weka tu kwa kikombe kama watu wengine."

"Watu gani, Shikanga?"

Baba akakohoa. "Hawa ni watu wa kanisa. Watasema tunawapea msichana wa nyumba ya walevi."

"Wacha waseme. Mimi nakunywanga hapa kwa mlango wangu, na hakuna mtu amewahi kuniokota kwa mtaro. Siku nitaficha, hiyo ndiyo siku nitakuwa mlevi."

"Basi Mildred ndiye atamtoa Mitchel."

Masikio yangu yalipata moto. Mildred ni binamu ya baba, mama wa kwaya, na sidhani kama anajua ninasoma au ninafanya kazi. Senje ndiye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali nilipougua malaria, ndiye niliyemkimbilia nilipovunja ungo nikadhani nakufa. Nikamwambia baba, Mildred akija chumbani atatoa kitanda, mimi nitabaki. Baba akaniambia nifunge mdomo. Senje akatia karanga mdomoni, akatafuna, hakubembeleza mtu.

Siku ikafika. Senje alikuja na kikapu chake, akaketi pembeni mwa hema, karibu na dirisha la chumba nilichofungiwa. Akatoa glasi, akaifuta, akatoa chupa yake ndogo, akajimiminia kiasi kile kile cha siku zote. Nikaona wageni wakitazamana. Senje akawasalimu. Baba alikuwa mezani na kikombe chake kikubwa cha bati, anapuliza.

Mjomba wa Kipngeno, Mzee Kiplagat, tumbo lake limekataa maziwa, jambo ambalo watu wake humtania nalo kila siku. Wali na ingokho, kuku wetu wa kienyeji, vilipokwisha kuliwa, akaomba turungi. Nekesa, aliyekuwa akihudumu, akachukua themosi iliyokuwa karibu na baba, akammiminia kikombe kikajaa. Mzee akapiga funda la mtu aliyetoka Likuyani na kiu yake.

Alikohoa mpaka kofia ikaanguka. Machozi yakamtoka. Harufu ikatangulia maelezo yoyote, na kabla mtu hajauliza, Mildred alikuwa ameshasimama.

"Ni Awinja! Si mnaona ako na chupa? Ametia pombe kwa chai ya wageni!"

Hema lote likamgeukia senje. Mimi nilimtazama baba. Baba alitazama ndani ya kikombe chake, akapuliza. Nimewahi kumkasirikia baba yangu kwa mambo mengi, lakini sijawahi kumwonea aibu kama nilivyomwonea pale dirishani.

Senje akasimama taratibu, akainua glasi ili kila mtu aione.

"Yangu ndiyo hii. Mnaiona, na mnaona ni ngapi. Wiski yangu haijawahi kuingia kwa themosi hata siku moja. Ulizeni mwenye themosi."

Akaketi. Akamaliza tone lililobaki, akafuatisha karanga.

"Na mwenye themosi ni nani?" Mzee Kiplagat akauliza huku akifuta macho.

Basi ndipo baba akamwashiria Mildred aje kunitoa, kana kwamba msichana akishatokea, yote yatasahaulika. Mildred akaingia na leso mpya mkononi. Mimi nikaketi sakafuni.

"Niitie senje wangu."

"Mitchel, inuka. Baba yako amesema..."

"Baba amesema nini?" Nilipaza sauti kusudi, dirisha likiwa wazi. "Mimi sijamsikia akisema kitu tangu saa ile."

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na senje akaingia, glasi tupu mkononi. Mildred akampisha mlangoni. Senje alinukia moshi kidogo, na mafuta ya nazi.

"Umekunywa?" nikamuuliza, nikicheka na kulia.

"Nimekunywa. Kile kipimo unakijua. Simama, nisikuinue na mgongo huu."

Akanifunika leso, akanishika mkono, tukatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, kwanza wachache, halafu wote. Tulipaswa kwenda moja kwa moja mbele ya wageni. Senje hakwenda. Alisimama mezani kwa baba, na mimi nikainua ncha ya leso nione.

Aliiweka glasi yake kando ya kikombe.

"Shikanga," akasema, si kwa ukali. "Titus alikuwa na kikombe kama hiki."

Nilidhani baba atatufukuza. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi. Kisha akachukua kikombe chake akaanza kumimina kwenye glasi ya senje. Mkononi mwa senje glasi ile haikuwahi kupita kidole kimoja. Sasa wiski ikapanda, ikapita nusu, ikafika ukingoni, ikamwagika juu ya kitambaa cha meza, na kikombe mkononi mwa baba bado kilikuwa kizito.