Mlango wa Chumba cha Tatu

Saa tatu kasorobo asubuhi. Nje kuna manyunyu, na watoto wa Zuilichem, kijiji cha Uholanzi, wameshafika shuleni kwa baiskeli zao, makoti yamelowa. Ndani ya chumba cha tatu ni giza totoro. Dieneke van Tuijl, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anavuta mlango nyuma yake, anashusha pazia zito jeusi, kisha anasimama kimya mpaka macho yazoee.

"Habari za asubuhi, warembo," anasema.

Warembo wenyewe ni mimea ya bangi elfu moja mia moja na arobaini, imepangwa juu ya meza ndefu, kila mmoja na chungu chake. Dieneke anawasha taa yake ya kichwani yenye mwanga wa kijani, anaanza kupita mstari kwa mstari. Anainama, ananusa, anafunua majani kwa vidole viwili kama mama anayemtafuta chawa mwanawe.

Anatafuta kitu ambacho hataki kukipata. Hata dakika tatu hazijaisha, anakipata.

"Huyu hapa. Umeniangusha, mama, na wewe pia?"

Pembeni ya ua kumechomoza kidude cha manjano, kimepinda, ni kidogo kuliko punje ya mchele. Wakulima wa huku wanakiita ndizi. Anakichomoa kwa kibano, anakizamisha kwenye kichupa cha maji, halafu anabana kibanio chekundu cha nguo kwenye shina. "Cha mia moja na kumi na mbili," anasema, na sauti yake haina nguvu.

Bangi inayouzwa ni ya kike tu. Mmea wa kike usiopata dume hunenepesha maua yake ukisubiri, na maua hayo ndiyo biashara yenyewe. Lakini mmea ukishtuliwa, kwa joto, kwa kiu, au kwa kukatiziwa na mwanga usingizi wake wa gizani wa saa kumi na mbili, unaotesha udume juu ya mwili wake wenyewe, ndiyo hiyo ndizi. Unakuwa huntha. Ndizi moja ikipasuka, feni zinapeperusha chavua chumba kizima, na baada ya wiki tatu kila ua limejaa mbegu.

Shamba hili la ndani lina kibali cha serikali, na wenye kampuni wameomba jina lake lisitajwe. Wanaouziwa ni maduka yenye leseni, na maduka hayo hayataki mbegu hata kwa dawa. "Nani anataka kuvuta kitu kinachopasuka puani kama bisi?" anauliza Dieneke.

Kazi yake ni kuwa macho ya shamba. Analipwa yuro kumi na sita na nusu kwa saa, na kabla ya kuipata aliandika barua za maombi arobaini na moja. "Walikuwa wananipigia kwa furaha. Wakishasikia umri, simu inakufa."

Kabla ya hapo alikuwa na shamba lake, au tuseme la baba yake, Cornelis, aliyelima krisanthemamu chini ya vioo karibu na mto Waal. Maua hayo nayo hayachanui bila giza refu, kwa hiyo Dieneke alijifunza kuliheshimu giza kabla hajajua kusoma. Bei ya gesi ya kupashia joto ilipopanda, vioo viliuzwa, mabomba yakauzwa. Kilichobaki ni taa ya kichwani ya baba yake, na tabia yake moja.

"Baba hakunywa kahawa kabla ya kuyasalimia maua. Kila asubuhi, hata Krismasi. Alisema mkulima asiyepita shambani kabla ya kahawa ni mwenye duka." Kwa hiyo naye anapita, kila siku ya kazi. Shida ni kwamba usiku wa chumba cha tatu huanza saa moja asubuhi na kuisha saa moja jioni, ili taa zake zisiwake pamoja na za vyumba vingine. Ndiyo maana anaingia na taa ya kijani. Mimea haiuoni mwanga wa kijani, wanasema wakulima wote wa huku, na kwa taa ya Mzee Cornelis maua hayakuwahi kulalamika.

Ndizi ya kwanza ilionekana wiki tatu zilizopita. Dieneke hajalala vizuri tangu siku hiyo, na ukimtazama unaamini.

Alianza kwa kuushuku mmea mama, ule uliokatwa vipandikizi vyote. Lakini chumba cha tano kina watoto wa mama huyohuyo, na ni safi kabisa. Akapekua kumbukumbu za joto usiku na mchana: hakuna kitu. Maji, mbolea: hakuna kitu. Akajifungia gizani nusu saa, amekaa juu ya ndoo, akiangalia kila upenyo. Aliona kitaa chekundu cha mashine ya kukausha hewa, kidogo kama kichwa cha pini. Akakifunika kwa utepe mweusi. Ndizi zikaendelea kutoka.

Ndipo alipokumbuka mlango.

Radek, Mpoland wa miaka arobaini na minne, alifanya naye kazi miaka miwili. Alikuwa na mdomo, lakini mdomo mzuri. Alimwita Dieneke "Bibi Giza", naye Dieneke alimwita "Tumbo", kwa sababu kila Ijumaa Radek alileta keki ya mbegu za mpopi na kula nusu yake mwenyewe. Siku moja, ndizi zikiwa bado hazijatokea, katikati ya usiku wa chumba cha tatu, Radek alifungua mlango bila kushusha pazia ili achukue miwani aliyoisahau mezani. Dieneke alikuwa ndani. Aliona mstari wa mwanga ukitambaa sakafuni.

Huku watu hawazungushi maneno. Uliona, unasema. Dieneke alikwenda kwa msimamizi wao, Menno, akamwambia: "Niliona mlango uko wazi, na aliyeufungua ni Radek."

Radek alifukuzwa mchana huohuo. Na kwa kuwa kitanda alichokuwa analalia ni cha wakala aliyemleta kazini, kazi ikiisha na kitanda kimeisha. Alipewa mpaka Jumapili.

"Alikuja kuniaga pale kwenye baiskeli," anasema Dieneke. "Hakunitukana. Aliinua vidole vinne, hivi. Akasema, 'Dieneke, sekunde nne. Nne tu.' Nikamjibu, 'Giza ni giza, Radek.'"

Tangu siku hiyo mlango una kufuli, na ufunguo mmoja uko shingoni mwa Dieneke. Ni siku ya tisa leo. Vibanio vimeongezeka kutoka sitini hadi mia na kumi na mbili.

"Sielewi," anasema gizani, na sasa anaongea kama mtu anayeomba. "Mlango umefungwa. Radek hayupo. Mwanga unatoka wapi, jamani?"

Mwandishi wa makala haya, aliyeingia naye chumbani na ambaye kwenye kilimo ni mbumbumbu, anauliza swali la kijinga tu: kwa nini alichagua vibanio vyekundu?

"Ndivyo vilivyokuwepo nyumbani. Na vyekundu vinaonekana..." Hamalizi.

Feni zinavuma. Anageuza kichwa polepole upande huu wa meza, halafu ule. Kila anapogeuka, taa yake inavipata vibanio, kimoja baada ya kingine, na vyote ni vyekundu. Vyekundu kabisa, kama vilivyo juani kwenye kamba ya nguo.

"Zima kalamu yako," anasema. Anamaanisha kinasa sauti. Kisha anasema, "Hapana, acha."

Baba yake alimfundisha jambo moja kuhusu taa ile, akiwa na miaka sita. Alimpeleka mbele ya ua jekundu na kumwuliza ni rangi gani. Chini ya mwanga wa kijani mtupu, wekundu hauonekani. Ua lilikuwa jeusi tii. Ukiona jekundu ni jeusi, alimwambia, uko salama. Ukiliona jekundu, toka haraka.

"Toka," anasema Dieneke. "Tutoke. Toka!"

Kwenye korido anaivua taa. Kioo cha kijani cha Mzee Cornelis kilivunjika miaka mingi iliyopita. Akaweka plastiki ya kijani badala yake. Mwezi wa pili, wiki ileile mimea hii ilipoingia chumbani, balbu iliungua. Alinunua mpya, yenye nguvu zaidi, kwa sababu macho yake hayako kama zamani. Anaimulika kwenye ukuta mweupe. Pembeni ni kijani. Katikati, pale balbu ilipoichoma plastiki mpaka ikapauka, kuna doa jeupe la ukubwa wa sahani ya chai.

Kila asubuhi, katikati ya usingizi wa mimea yake, kabla ya kahawa.

Anatoa mfukoni ramani ya chumba, karatasi iliyokunjwa mara nne, ambamo huweka msalaba kwa kila kibanio. Anaitandaza sakafuni, anapiga magoti, nyonga ikimuuma. Misalaba imejipanga pande mbili za njia ya katikati, anayopita yeye. Kwenye meza ya sita, penye kigoda anachokalia kupumzisha nyonga, imesongamana mpaka karatasi imetoboka. Mlangoni ipo miwili.

"Miwili," anasema. "Nimeitazama karatasi hii kila siku. Nilikuwa natafuta mlango, basi nikauona mlango." Na chumba cha tano je? Huko usiku ni usiku wa kweli. Yeye huingia asubuhi taa zikiwa zinawaka. Warembo wa kule hakuwahi kuwaamsha.

Analia pale sakafuni, bila kujifunika uso.

Saa nne ni wakati wa kahawa. Menno, miaka thelathini na minne, mpole, amekaa na kikombe chake na biskuti yake moja. Dieneke anaiweka taa mezani, anaiwasha, anaielekeza kwenye leso nyeupe. Anaeleza yote bila kuruka kitu.

Menno anatazama leso kwa muda. "Dieneke," anasema kwa upole, na upole huo ndio unaoudhi, "ripoti ya chumba cha tatu imeshakwenda kwa mkaguzi wa serikali."

"Irudishe."

"Hairudi. Chanzo kimeandikwa ni mlango. Mlango umetiwa kufuli. Mkaguzi ameridhika, bima imeridhika."

"Radek hakufanya kitu!"

"Alifungua mlango."

"Sekunde nne, Menno!"

"Giza ni giza. Si maneno yako hayo?"

Menno anaizima taa, anamrudishia. "Itupe. Alhamisi tunakata chumba kizima na kusaga mbele ya mkaguzi, hilo halibadiliki. Wewe nakuhitaji chumba cha tano. Hakuna mwenye jicho kama lako hapa. Kunywa, inapoa."

Na kweli hakuna kitakachobadilika. Mimea elfu moja mia moja na arobaini itakwenda kwenye mashine. Kumwokoa Dieneke, kampuni haihitaji kufanya lolote ila kunyamaza, na yeye naye hahitaji kufanya lolote ila kunywa kahawa. Hainywi. Inapoa pale pale na biskuti yake pembeni.

Mchana amempigia Radek mara sita. Simu haishikwi. Mpoland mmoja wa chumba cha kufungashia amemwambia kwamba kuna watu wanalala kwenye matrela ya kambini upande wa mji wa Tiel, huenda naye yuko huko, huenda amerudi kwao. Mkewe alikuwa anategemea fedha za mwezi huu kulipa shule. Hilo la mke Dieneke hakulijua. Miaka miwili ya keki na utani, na hakuwahi kuuliza.

"Jumamosi nitakwenda Tiel," anasema akiwa amesimama kando ya baiskeli yake, mvua ikimchuruzika shingoni. "Nitagonga kila mlango wa kambi ile. Nikimkosa, Jumapili nitagonga kambi nyingine."

Akimpata atamwambia nini?

"Kwamba nilimchongea mtu asiye na kosa, na nilikuwa na hakika kabisa." Anafuta uso kwa mkono wa koti. "Hanisamehe. Mimi nisingejisamehe. Lakini nataka asikie kwa mdomo wangu."

Mwandishi anamkumbusha kwamba makala haya yakitoka, Menno atayasoma, na wenye kampuni watayasoma. Barua arobaini na moja si mchezo.

"Najua." Anapanda baiskeli, anashuka tena. "Menno haandiki, basi andika wewe. Jina la Radek lote, Radosław Pietrzak, wasije wakasema ni mwingine. Andika kwamba alifungua mlango sekunde nne, akachukua miwani yake, akafunga. Andika kwamba mwanga ulikuwa kichwani mwangu."