Moto wa Ziwani

Mwezi uliopita, mjini Njombe, nilisimama kwenye kituo cha mafuta ambako vibarua walikuwa wakichimba mtaro wa bomba. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha udongo uliotupwa kando, udongo mwekundu wenye kunata, na mhudumu alipochomoa mpira wa pampu matone machache ya petroli yakaangukia juu yake. Harufu iliyopanda haikuwa ya petroli wala ya udongo, bali ya viwili hivyo vikiwa vimekubaliana. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi mara mbili kabla sijakumbuka kwamba nilipaswa kuondoka. Nilikuwa nimerudi Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, nikiwa na umri wa miaka kumi, nimesimama kati ya baba yangu aliyenukia petroli na bibi yangu aliyenukia udongo, na nilikuwa nimekwisha kusema uongo.

Yafaa nieleze mambo kwa mpangilio wake, kwa sababu baba yangu hakupenda jambo linaloanzia katikati.

Alikuwa Mbena wa Mdandu, na gereji yake ilikuwa Makambako, si mbali na njia panda ambapo malori ya Songea huachana na malori ya Mbeya. Ukutani alikuwa amechora kwa rangi nyeupe umbo la kila spana, ili spana iliyokosekana ionekane kama jino lililong'oka. Alisema chuma hakisikii maombi, husikia kipimo. Alisema hivyo Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani.

Mama yangu alikuwa Mkisi wa Lupingu, binti wa mfinyanzi wa vyungu. Kuolewa kwake na mtu wa nyanda za juu kulipokewa ziwani kwa adabu, lakini bila furaha. Watu wa huko walimwona baba kuwa mtu wa baridi na viazi, asiyejua kuogelea, na miaka kumi na miwili ya ndoa haikuwa imewabadilisha mawazo. Ndipo kaka yake mama, Mjomba Yoeli, alipopata boti kuukuu ya faiba isiyo na injini. Vijiji vingi vya ufukwe ule havikuwa na barabara, na mgonjwa aliyehitaji kupandishwa hospitali ya Lugarawa alipaswa kwanza afikishwe Lupingu kwa maji. Asubuhi ziwa hulala. Mchana upepo huamka, na boti za polepole hukutwa katikati. Mjomba alitaka boti itakayokwenda na kurudi kabla ya upepo. Baba alisema mbele ya ukoo mzima kwamba injini hiyo ataijenga yeye. Tangu siku ile kila mtu nyumbani kwetu, hata mimi, alijua kilichowekwa rehani: kama injini ingekubali, baba angekuwa mkwe, kama ingekataa, angebaki mgeni aliyeoa.

Kazi ilichukua miezi minane. Alianza na injini ya petroli ya silinda sita, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, akaisafisha hadi ikang'aa kama sufuria ya sikukuu. Nguvu yake ya asili haikumtosha. Katika jenereta kuukuu la kiwanda cha mbao alipata pampu ya hewa, chombo kizito chenye rota mbili zinazokumbatiana bila kugusana, ambacho mafundi hukiita supachaja. Injini ya kawaida huvuta hewa kadiri inavyoweza, kama mtu apumuavyo. Supachaja huzungushwa kwa mkanda na kuisukumia hewa kwa nguvu, nayo injini, ikipewa pia petroli ya kulingana, hutoa nguvu za farasi ambazo muundaji wake hakuziota. Baba alikereza puli mpya, gurudumu la kuzungushia mkanda, akachonga bamba la kuunganishia, akapima nafasi kati ya rota kwa vipande vyembamba vya chuma huku amezuia pumzi.

Aliifunga kwenye fremu iliyozikwa kwa saruji nyuma ya gereji, rafadha, panga lake la kusukumia maji, ikiwa ndani ya tangi. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza, mlio wake ulikuwa wa mnyama mkubwa anayepiga mluzi. Jirani yetu Bwana Athumani, msafirishaji, alikuja baadaye na kuuliza kwa upole kama mnyama huyo angeweza kunyamaza nyakati za sala. Baba alibandika ratiba mlangoni, akaifuata kwa dakika, na Bwana Athumani akatoa lori lake la kuishusha injini ziwani.

Katika majaribio yale baba alinifundisha kusoma plagi, kile kijiti kinachotoa cheche ndani ya silinda. Ikitoka nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, mambo ni sawasawa. Ikitoka nyeupe kama mfupa, petroli haitoshi, na moto umeanza kula chuma. Plagi zetu zilitoka nyeusi. Basi baba akabadilisha jeti, vile vijitundu vya shaba ndani ya kabureta vinavyopitisha petroli, akaweka vidogo zaidi, tena vidogo zaidi, hadi siku moja nikainua plagi juani na kutangaza chai ya maziwa. Alinibeba mabegani kuzunguka gereji. Mpaka leo sijapata shahada iliyonifurahisha kama ile.

Tulishuka kwa siku mbili. Jinsi lori lilivyoteremka milimani ndivyo tulivyovua masweta, na tulipofika Lupingu hewa ilikuwa nzito na ya vuguvugu kama blanketi lililolowana.

Hapa sina budi kueleza desturi. Katika familia ile mkwe mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakula naye, wala hakusema naye moja kwa moja. Maneno yao yalipitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Walikuwa wakisimama hatua nne mmoja na mwenzake, kila mmoja akitazama upande wake, nami katikati nikigeuka huku na huku. Baba aliniambia nimwambie bibi shikamoo, nikamwambia. Bibi akaniambia nimwambie marahaba, tena nimwambie amekonda, nikamwambia. Baba akaniambia nimwambie bibi kwamba ni kazi tu. Mama alikuwa amenionya kwamba ujumbe haupunguzwi wala hauongezwi, nami nililichukua jukumu hilo kwa uzito wa hakimu. Niliamini kabisa kwamba desturi ile iliwaziba masikio, na kwamba bila mimi hakuna neno ambalo lingefika upande wa pili.

Asubuhi ya jaribio ufukwe ulijaa. Injini ilikuwa imefungwa ndani ya boti, mkanda umekazwa, na Mjomba Yoeli amekaa mbele akiwa amevaa shati la kanisani. Bibi alikuja kutoka kwenye vyungu vyake, mikono ikiwa na udongo hadi kwenye viwiko. Alizunguka boti polepole, akanusa, akamwuliza mjomba kitu hiki kilipimwa wapi. Akaambiwa Makambako. Akatikisa kichwa.

Bibi aliwahi kukaa kwetu miezi mitatu nilipozaliwa, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, alifinyanga vyungu na kuvichoma uani. Vilitoka vibichi. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila mwaka, na kila mara alimalizia kwamba moto wa Makambako ni mvivu. Sasa alimpa baba mgongo, akaniita.

"Mwambie baba yako moto wa huku chini una njaa kuliko moto wa kwao. Chakula alichoupimia kule juu hakitautosha. Autie zaidi kabla hajauwasha."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinama akifuta bomba ambalo lilikuwa safi tayari. Watoto wa pale, ambao tangu jana yake walinifuata wakiniimbia "kamwene, kamwene" kwa kuigiza salamu za kwetu, walikuwa wakisubiri. Niliyasikia maneno ya bibi kama tusi: kwamba kwetu kila kitu ni hafifu, hata moto, na kwamba miezi minane ya baba haikutosha. Sikuweza kuyabeba hatua nne zile.

"Baba," nilisema, "bibi anasema moto wako ni mzuri. Uuwashe."

Mjomba alikohoa. Mwanamke mmoja alianza kufunga upya kanga ambayo haikuwa imefunguka. Baba aliinua uso, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mwambie bibi yako asante," alisema.

Nikamwambia. Bibi alianza kubandua udongo kwenye vidole vyake, kidole kimoja baada ya kingine.

Injini iliwaka mara moja, na ule mluzi ukarudi kutoka milimani. Boti ilitoka, lakini si kwa kasi niliyoiota. Baba aliishika injini kwenye nusu ya nguvu yake. Tulimsikia mjomba akipiga kelele, "Fungua, shemeji! Fungua yote!" Baba hakufungua. Nilikunja ngumi kwa aibu, nikadhani anaogopa maji. Kisha ikasikika sauti kama changarawe ndani ya sufuria, baba akazima papo hapo, na wingu la moshi mweupe likakaa juu ya ziwa bila haraka ya kuondoka. Walirudi kwa kasia. Mtoto mmoja alisema trekta la Wabena limechoka, na wengine wakacheka mpaka wakakaa chini.

Baba hakunigombeza. Asubuhi iliyofuata injini ilikuwa imefunguliwa, sehemu zake zimepangwa juu ya mkeka kwa utaratibu wa ukutani kwetu. Pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Aliniita, akanipa plagi.

"Soma, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Nyeupe," nikasema. "Petroli haikutosha."

Kosa, kama alivyonieleza papo hapo, halikuwa la uzembe. Hewa ya kwetu juu ni nyepesi, ya ziwani ni nzito, na hewa nzito hudai petroli zaidi. Injini za kawaida alizotengeneza maisha yake yote zilipanda na kushuka bila kulalamika, kwa sababu zinasamehe. Injini yenye supachaja haisamehi. Tofauti ndogo huizidisha. Alikuwa amepima kwa usahihi mkubwa, mahali pasipo penyewe. Kisha akafuta mikono.

"Nenda kwa bibi yako. Mwulize: huo moto wenye njaa, yeye huutambuaje ukishashiba?"

Sikusogea. Moto wenye njaa. Maneno hayo sikuwa nimempelekea. Aliendelea kupanga boliti zake kana kwamba hakusema jambo la ajabu, na mwishowe nikaenda.

Bibi alisikiliza swali hadi mwisho. "Mjumbe hauawi," alisema, "ila akila ujumbe njiani, huumwa tumbo." Akanisogeza karibu, akaniwekea kiganja chenye udongo shavuni. Kisha akatoa jibu, na nikalirudia kwa sauti njia nzima nisipoteze hata silabi: asihesabu, atazame rangi, kingo za moto zikiwa nyeupe, moto unakula chombo badala ya kuni, aongeze kidogo, atazame tena, aongeze kidogo, hadi weupe uondoke.

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Aliona, nadhani, kwamba mwanamke ambaye hajapata kumtazama usoni alikuwa akisoma moto kwa jicho lilelile alilonifundisha mimi kusomea plagi. Alifunga pistoni ya akiba, akapanua tundu la jeti unywele mmoja kila mara, akajaribu, akanipa plagi nisome. Siku ya tatu nikatangaza chai ya maziwa, na safari hii mjomba alipopiga kelele injini ifunguliwe, ilifunguliwa. Boti iliinua pua, ikakaa juu ya maji badala ya ndani yake, na watoto wa "kamwene" wakakimbia ufukweni wakiikimbiza.

Bibi alisema naye ataipanda. Baba akateremka, akaenda kusimama nyuma ya nyavu zilizoanikwa, kwa heshima, na mjomba akamchukua mama yake. Waliporudi kichwa chake kilikuwa wazi.

"Mwambie baba yako kilemba changu kimekwenda Malawi," aliniambia. "Mkwe wangu anidai vyungu, lakini kilemba ni juu yake."

Niliupeleka ujumbe wote. Nyuma ya nyavu baba akaniomba nimrudie maneno mawili tu, yale yanayoanza sentensi ya pili. Nikakosea sentensi, akasema haidhuru, nirudie yote. Nilirudia mara tatu kabla sijatambua kwamba alichotaka kukisikia tena ni "mkwe wangu".

Kwa miaka mingi niliamini nimekielewa kisa hiki: kwamba watu wazima husikia hata bila mjumbe. Lakini kusikia ni sehemu ndogo. Miaka michache kabla ya kifo chake, tukiwa tumekaa kwenye jua la Makambako, nilimwuliza kwa nini aliiwasha ilhali alikuwa ameonywa.

"Ningefungua kabureta pale pale," alisema, "ningekuwa nimejibu maneno ambayo wewe hukuyaleta. Ukoo mzima usingeweza tena kujifanya haukusikia mwanangu akisema uongo mbele ya bibi yake. Pistoni ni kitu cha dukani, mama." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, akasahihisha: "Si hiyo tu. Robo ilikuwa kiburi."

Robo hiyo naikubali. Ndiyo inayonifanya niziamini zile tatu nyingine. Na sasa najua ule mkono ulioshika injini kwenye nusu, ambao nilikuwa nimeuonea aibu kutoka ufukweni, haukuwa ukiogopa maji. Alijua injini inaungua. Alikuwa akipima, kwa usahihi aliopimia kila kitu, ni kiasi gani cha miezi minane anachoweza kukitoa kwa ajili yangu na bado akabakiwa na cha kutengeneza.